Mtandao Upo, Kilo Hazijafika: Kisa cha Maktaba ya Kufuatilia Mtandao kwenye Mzani wa Chai

Usuli

Kisa hiki kinahusu chama kimoja cha ushirika cha wakulima wadogo wa chai, upande wa Rungwe. Jina la chama, vijiji na watu nimeviondoa, na baadhi ya idadi nimezibadilisha ili asiwepo wa kunyooshewa kidole. Makosa yetu nimeyaacha yalivyo.

Majani mabichi ya chai hayangoji. Yakishachumwa huanza kupata joto ndani ya gunia, na kiwanda kinayataka siku hiyohiyo. Kwa hiyo lori huzunguka kituo hadi kituo na karani yumo ndani. Akifika bandani hutundika mzani, wakulima hupanga foleni, yeye huandika kilo kwenye daftari na kumpa kila mmoja stakabadhi. Mwisho wa mwezi madaftari hujumlishwa ofisini, na hapo ndipo palipokuwa na kelele: saba imesomwa moja, ukurasa umeloa mvua, mkulima ana stakabadhi ya kilo 38 na daftari linasema 33. Chama kikataka makarani waingize kilo kwenye simu, na kila mkulima apate meseji mara kilo zake zinapopokelewa kwenye seva.

Sisi tulikuwa wanne, tumepanga chumba Mbeya mjini. Tulijua mapema kwamba kilo zitahifadhiwa kwanza kwenye simu, kisha zitumwe mtandao ukipatikana. Barabara za huko zinapanda mgongo wa mlima simu inashika 4G, zinateremka bondeni kwenye migomba inabaki E, mtandao wa zamani wa polepole, au haina kitu. Swali likawa programu itajuaje kwamba mtandao umerudi. Tukaamua kazi hiyo ikae kwenye maktaba yake ya kodi, yaani kipande kidogo cha maandishi ya programu, ambayo tungeweza kuichomeka hata kwenye miradi mingine.

Toleo la kwanza

Simu za makarani zote zilikuwa za Android. Njia ya zamani ya kujua habari za mtandao ilikuwa kusubiri tangazo la mfumo liitwalo CONNECTIVITY_ACTION. Tangu Android 7.0 ya mwaka 2016, programu iliyolenga toleo hilo au la baadaye haiamshwi tena na tangazo hilo kwa kulitaja tu kwenye manifesto yake, faili inayoitambulisha programu kwa mfumo. Tukaenda kwenye njia mpya, NetworkCallback, ambayo hapa nitaiita msikilizaji: unaisajili kwa mfumo, nao unakuita mtandao unapopatikana, unapobadilika sifa na unapopotea.

Kusajili kuna namna mbili, na tofauti yake ndiyo iliyotuumiza. Ya kwanza, registerDefaultNetworkCallback, hufuatilia mtandao mmoja tu: ule ambao simu inautumia wakati huo. Ilikuja na Android 7.0. Ya pili, registerNetworkCallback, ipo tangu Android 5.0, na hukuletea habari za kila mtandao unaotimiza masharti uliyotaja, waifai na data ya laini kila mmoja kivyake. Chama kilikuwa na simu mbili za zamani za Android 6. Tukachagua ya pili ili tusiziache nje. Sababu ilikuwepo, lakini gharama yake hatukuipima.

Maktaba ikatoa jibu moja tu, kuna au hakuna. Mfumo ukiita onAvailable, kuna. Ukiita onLost, hakuna. Kila skrini iliyotaka kujua ilijisajili yenyewe. Kodi yote haikufika mistari hamsini, na tuliionea fahari.

“Inakufa nikifika mia”

Siku ya tatu ya majaribio karani mmoja, mtu mzima aliyepima chai tangu sisi tuko shule ya msingi, alipiga simu. “Wanangu, kitu chenu kinazima. Asubuhi kinakwenda vizuri, ikifika mchana kinajifunga chenyewe.”

Tukafikiri ni joto, kisha betri, kisha kumbukumbu ndogo ya simu. Mwenzetu alikaa siku mbili akipunguza ukubwa wa picha za wakulima, kazi ambayo haikuhusika hata chembe. Tulipompigia tena mzee kumuuliza kama ni saa fulani, akasema si saa. “Ni watu. Nikifika kama mia hivi, kinakufa. Nikikifungua tena kinanipa mia nyingine.”

Mtu huyo hakuwahi kuandika mstari wa kodi maishani, na ndiye aliyetupa jibu. Android hairuhusu programu moja kuwa na maombi ya mtandao yaliyo hai zaidi ya 100 kwa wakati mmoja. Likija la ziada, mfumo unatupa kosa, na usipolidaka programu inajifunga. Skrini yetu ya kupimia ilifunguliwa upya kwa kila mkulima. Kila ilipofunguka ilisajili msikilizaji, na ilipofungwa hakuna aliyefuta usajili. Mkulima mmoja, msikilizaji mmoja. Programu ikijifunga, mfumo unafuta wote na hesabu inaanza sifuri.

Dawa yenyewe ilikuwa fupi. Msikilizaji akawa mmoja kwa programu nzima, anaishi ndani ya maktaba, na skrini zinasoma hali kutoka kwake kwa Flow, mkondo wa taarifa wa lugha ya Kotlin. Skrini ikifungwa, usomaji wake unakatika wenyewe, na haina tena mlango wa kugusa ConnectivityManager, sehemu ya Android inayosajili wasikilizaji, moja kwa moja. Tungeweza kuwakumbusha wenzetu kila mara wafute usajili, ila sheria inayotegemea kumbukumbu ya mtu aliyechoka saa nne usiku si sheria.

Tulipokuwa hapo tukaona kosa jingine dogo. Ukisajili msikilizaji simu ikiwa haina mtandao kabisa, mfumo haukuiti. Hakuna onLost ya kitu ambacho hakikuwepo. Karani aliyewasha programu bondeni aliona maandishi “inatafuta mtandao” mpaka lori lipande mlimani. Tukaweka “hakuna” kuwa hali ya mwanzo hadi mfumo useme vingine.

Sekunde thelathini za ofisini

Lalamiko lililofuata lilikuwa la kuudhi zaidi kwa sababu kwenye simu zetu halikutokea. Jioni makarani hurudi ofisini kwa chama, penye waifai. Programu inaonyesha kijani, inaanza kutuma, kisha baada ya muda mfupi inageuka nyekundu: hakuna mtandao. Karani ameshika simu hiyohiyo anaangalia video aliyotumiwa na binamu yake. “WhatsApp inapita, yenu haipiti,” alituandikia mmoja. Alituandikia kwa WhatsApp.

Ikabidi nipande Coaster, zaidi ya kilometa 70, nikae nao jioni nzima. Nikaongeza kwenye programu kipande kinachoandika kila mwito wa mfumo pamoja na saa yake, nikamwomba karani atoke nje ya geti arudi, mara tano, kwenye manyunyu. Alifanya bila kuuliza, ila uso wake uliuliza.

Rekodi ikaonyesha jambo lilelile mara zote tano: onAvailable ya waifai, halafu sekunde 30 baadaye onLost. Si ya waifai, ya data ya laini. Simu ikishika waifai na kuridhika nayo, Android haikati data ya laini papo hapo. Huiacha ining'inie, kwa kawaida sekunde 30, ili yaliyokuwa yakipita huko yamalizike, ndipo inaiaga. Sisi tuliomba habari za mitandao yote, tukaletewa taarifa ya msiba wa mtandao mmoja, tukatangaza kwamba wote wamekufa.

Na kwa nini halikutokea Mbeya? Kwenye mipangilio ya watengeneza programu kuna chaguo la kuacha data ya laini hai muda wote hata ukiwa kwenye waifai. Kwenye simu zetu liliwashwa, kwenye zile za makarani halikuwashwa. Tulikuwa tunapima kwa mzani tofauti na wa mteja.

Tukabadilisha hivi. Simu za Android 7 na kuendelea zikahamia kwenye registerDefaultNetworkCallback. Kwa zile mbili za zamani, maktaba ikaanza kuweka orodha ya mitandao iliyo hai: onAvailable inaongeza, onLost inaondoa huo uliotajwa tu, na “hakuna” inasemwa orodha ikiwa tupu.

Bando

Hili kila msomaji wa Tanzania analijua mwilini. Bando limeisha, juu ya skrini pameandikwa 4G, na hakuna kinachopita. Maktaba yetu ilisema kuna mtandao, programu ikatuma, ikasubiri mpaka muda wa kungoja uishe, ikatuma tena, na betri ikaisha kabla ya kituo cha mwisho.

Android ina sifa mbili zinazofanana majina lakini si kitu kimoja. NET_CAPABILITY_INTERNET inasema mtandao huu umekusudiwa kufika intaneti. NET_CAPABILITY_VALIDATED, iliyoongezwa Android 6.0, inasema mfumo umejaribu wenyewe na umefika: unaita anwani inayopaswa kurudisha jibu namba 204 lisilo na maudhui, na ukirudishiwa kitu kingine, kama ukurasa wa kununua kifurushi, unajua umegeuziwa njia. Tulikuwa tunatumia ya kwanza. Tukahamia ya pili, tukadhani tumemaliza.

Hatukumaliza. Tatizo moja ni kwamba uthibitisho hauondoki sekunde ileile bando linapoisha. Mfumo hautazami kila dakika. Hilo lina dawa: ombi letu likishindwa kwa namna inayotia shaka, tunaita reportNetworkConnectivity kuuambia mfumo uangalie upya. Tatizo la pili lilikuwa baya zaidi. Kwenye mabonde yenye E, jaribio la mfumo lilikuwa linashindwa kwa uzito wa njia, kwa hiyo mtandao unaitwa haujathibitishwa na programu yetu inakaa kimya. Wakati huohuo rekodi ya mkulima, namba yake, kilo, kituo na saa, haifiki kilobaiti moja. Ingepita, kama ilivyokuwa ikipita kabla hatujahamia sifa ya pili.

Karani mmoja alisema toleo la zamani lilikuwa bora. Alikuwa sahihi, kwa kituo chake.

Usiku huo tulibishana sana. Mwenzetu mdogo kuliko wote ndiye aliyeuliza kwa nini tunaiomba Android ruhusa ya kutuma. Mtu akipiga simu bondeni hatazami vistari kwanza. Anapiga, ikikataa anasogea mtini anapiga tena. Mpaka hapo tulikuwa tumeijenga maktaba kama mlinzi wa geti. Ilipaswa kuwa kama jirani anayekugongea dirisha: nadhani umerudi, jaribu.

Meseji mbili

Kabla hatujajenga upya, likatokea la fedha. Mama mmoja alikuja ofisini kwa chama na simu yake ya vitufe. Amepata meseji mbili za kilo 27 kwa siku moja, na yeye amepima mara moja. “Mwanangu, hizi za pili si zangu,” akamwambia karani. Sijui ni wangapi walipata mbili wakanyamaza, na siwalaumu.

Lori lilikuwa likivuka mgongo wa mlima, mahali penye mtandao wa muda mfupi tu. Msikilizaji akaita, programu ikatuma foleni yote kwa mkupuo, rekodi zikafika kwenye seva, lori likazama bondeni kabla jibu halijarudi. Programu haikupata jibu, ikahesabu kuwa hazikufika, ikazituma tena mlima uliofuata. Seva ikaziona mpya.

Hili halikuwa kosa la maktaba ya mtandao, ila maktaba ndiyo iliyoliamsha, maana kadiri inavyokuwa nyepesi kusema “jaribu”, ndivyo kurudia kunavyoongezeka. Tukasimamisha kila kitu kwa siku mbili. Kila rekodi ikapewa utambulisho wa kipekee unaozaliwa kwenye simu wakati wa kupima, na seva ikafundishwa kwamba utambulisho ikishauona, ijibu “nimepokea” bila kuandika mara ya pili wala kutuma meseji. Kwa mtu anayeanza leo ningesema aanze na hili kabla ya kugusa mtandao wenyewe. Sisi tulilifanya la mwisho.

Tulivyojenga upya

Maktaba mpya inatoa vitu viwili vilivyotengwa. Cha kwanza ni hali: hakuna, upo haujathibitishwa, umethibitishwa. Hii ni ya kuonyesha na ya kuandika kwenye rekodi za uchunguzi, basi. Tulitamani kuongeza ya nne, mtandao uliozuiwa na mfumo kwa ajili ya kubana data, lakini mwito wake, onBlockedStatusChanged, upo kuanzia Android 10 tu na simu nyingi za chama zilikuwa chini ya hapo. Tukauacha.

Cha pili ni ishara ya kujaribu. Hutoka mtandao wowote unapotokea, uwe umethibitishwa au la, na unapopanda kutoka usiothibitishwa kuwa uliothibitishwa. Anayetuma akiipata, anaanza na rekodi moja. Ikipita, anaendelea moja moja, kila moja ikifutwa kwenye foleni jibu linaporudi. Ikishindwa, anasubiri kwa muda unaoongezeka mara mbili kila safari, wenye bahati nasibu kidogo ndani yake ili simu zote za chama zisiigongee seva kwa pamoja. Ishara mpya ikija, muda huo unarudi mwanzo.

Mtandao unaowaka na kuzima ulihitaji kutulizwa. Kwanza tuliweka ngoja ya sekunde 10 kabla ya kutoa ishara. Tulipopanda lori tukagundua kwamba sehemu moja ya mgongo wa mlima dirisha lote la mtandao halifiki nusu dakika, na sisi tunalitupa theluthi yake tukijifanya waangalifu. Tukashusha hadi sekunde 2.

Kuna mtego mmoja ulitupata hata baada ya hayo. Kutuma kwa nyuma, simu ikiwa mfukoni, tuliiachia WorkManager, chombo cha Android cha kupanga kazi za nyuma, kwa sharti la “mtandao uwepo”. Kwenye Android mpya sharti hilo hudai mtandao uliothibitishwa, kwa hiyo tulichokifukuza mlangoni kilirudi kwa dirishani. Tukaongeza kazi ya pili isiyo na sharti la mtandao, inayojaribu rekodi moja kila dakika 15, ambayo ndiyo nafasi fupi zaidi WorkManager inayoruhusu kwa kazi ya kujirudia. Nayo mfumo unaweza kuichelewesha simu ikiwa imelala, lakini karani anayepima haachi simu ilale.

Kwenye skrini tuliondoa alama ya mtandao kabisa. Mahali pake pakaandikwa: “Zimefika 96. Zinasubiri 14.”

Matokeo

Simu za malalamiko zilipungua mpaka tukawa tunapiga sisi kuuliza kama kuna anayetumia. Swali la makarani likageuka. Zamani walisema mtandao wenu mbovu. Sasa wanasema zinasubiri 14, nipande wapi? Meseji mbilimbili zilikoma. Hesabu ya mwezi uliofuata ililingana na stakabadhi isipokuwa kwa kituo kimoja, na pale tatizo lilikuwa gunia lililopimwa pamoja na majani bila kutolewa uzito wake. Kwa hilo hakuna maktaba.

Simu moja ilidondoka mtoni ikiwa na rekodi ambazo hazijatumwa. Tulikwishawaambia makarani waache daftari. Yule mzee wa mia alikuwa bado analiandika kimyakimya, na kilo za siku ile zikatoka humo.

Kilichofaa na kilichoshindikana

Kilichofaa kuliko vyote ni kile kipande cha kurekodi miito ya mfumo nilichokiongeza kwa hasira jioni ile. Tulikiacha kwenye maktaba. Tukapanda lori na simu tatu siku nzima, tukarudi Mbeya na faili zenye kila onAvailable na onLost ya njia nzima. Maktaba ikatengenezwa ipokee miito ama kutoka mfumo halisi ama kutoka faili, na sasa kila tunapobadilisha kitu, lori linapita tena milima ileile ndani ya kompyuta, kwa sekunde chache, bila tope. Kosa la sekunde 30 lingeonekana siku ya kwanza kama tungekuwa na faili hizo.

Jibu la kuna au hakuna lilishindwa, na si kwa sababu ya wingi wa hali. Lilishindwa kwa sababu liliahidi jambo ambalo hakuna maktaba inayoweza kulijua: kwamba ombi lijalo litafika. Kwenye iPhone ni vilevile. NWPathMonitor, iliyokuja na iOS 12 mwaka 2018, inaweza kusema njia ipo na bando likawa limeisha. Mwenyekiti wa chama ana iPhone na anatuuliza lini yake, bado hatujaijenga.

Nalaumu pia haraka yetu ya kuona VALIDATED kuwa suluhisho. Tulirekebisha lalamiko la wenye 4G tukawafungia wenye E, na tulijua kwa sababu tu karani mmoja hakuona aibu kusema la zamani lilikuwa bora. Wengine walikuwa wameshanyamaza, wakidhani simu zao ndizo mbovu.

Na zile simu mbili za Android 6, zilizotufanya tuchague registerNetworkCallback? Tulipoenda kuweka toleo jipya tuliuliza ziko wapi. Moja ilikuwa kabatini, imevimba betri. Nyingine ilikuwa ya mlinzi, anaitumia kama tochi. Hazikuwahi kupima chai hata kilo moja. Zilikuwa kwenye orodha ya vifaa vya chama, na sisi tulisoma orodha. Wiki hiyohiyo tukafuta kodi yote ya orodha ya mitandao.